Re: Mshairi gani wa Kikashmiri wa zama zetu?

Mkuu, umeuliza uanze na nani kati ya washairi wa Kikashmiri wa karibuni. Mimi nakupeleka moja kwa moja kwa Rehman Rahi, mzaliwa wa Srinagar, jiji la Kashmir, 1925, aliyefariki Januari 2023.

Mzee huyu alianza na Kiurdu, kama wasomi wengi wa rika lake. Huko kwao Kikashmiri kilikuwa lugha ya nyumbani na ya nyimbo, shule na ofisi zikabaki kwa Kiurdu, na kabla yake Kiajemi. Alipogeukia lugha ya mama hakurudi nyuma. Diwani yake Nauroz-e-Saba ilimpa tuzo ya Sahitya Akademi (taasisi ya taifa ya fasihi India) mwaka 1961, na baadaye akawa Mkashmiri wa kwanza kutunukiwa Jnanpith (ile ya mwaka 2004), tuzo kubwa kabisa ya fasihi India. Ana shairi analoisemesha lugha yenyewe kama mtu, anaapa kwayo, anaiita ufahamu wake na macho yake. Anzia hapo.

Nikuonye tu, si mwepesi. Mahjoor, mshairi aliyemtangulia, alikuwa karani wa ardhi vijijini na nyimbo zake ziliimbwa na wakulima. Rahi yeye anakukazia fundo, lazima usome mara ya pili. Kwangu hapo ndipo uzito wake ulipo: alionyesha kwamba Kikashmiri kinabeba hata mawazo mazito ya kifalsafa. Tena alikifundisha Chuo Kikuu cha Kashmir, kwa hiyo waandishi kadhaa waliofuata wamepita mikononi mwake.