Jibu: Seli shina kwa presha ya macho

Mkuu, pole sana kwa hali ya mama. Umeuliza kama uuze kiwanja cha Chanika umpeleke nje akachomwe seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine), maana jicho moja limeshazimwa na presha ya macho. Nakusihi, usiuze.

Sayansi yenyewe ni ya kweli. Mwaka 2015 maabara ya Donald Zack, Johns Hopkins huko Marekani, ilieleza namna ya kuotesha, kutoka seli shina za binadamu, zile seli za neva zinazokufa kwa ugonjwa wa mama. Kazi ngumu ni kuziunganisha. Neva ya jicho ina nyuzi takriban milioni 1, na kila uzi unatakiwa usafiri toka nyuma ya jicho hadi mahali pake ndani ya ubongo. Mita mpya ya LUKU haiwashi taa kama waya toka nguzoni umekatika.

Hao wanaouza sindano waogope. Florida, wanawake 3 wenye ugonjwa mwingine wa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) walichomwa machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta ya miili yao. Wote uoni uliharibika vibaya, na kisa chao kilichapishwa mwaka 2017.

Jicho lililobaki ndilo la kupigania. Mpeleke hospitali, Muhimbili au CCBRT pale Msasani, na matone aweke kila siku hata kama haoni tofauti: hayarudishi kilichopotea, yanalinda kilichopo. Nawe kapime, ugonjwa huu hutembea kwenye familia.