Kwenu wamonita wapya mnaofundisha eskrime, mchezo wa panga, kabla hamjawashikisha watoto flereti

Wiki iliyopita nilimkuta monita mpya, kijana mwenye moyo mzuri tu, amewapanga watoto wa miaka minane mstari mmoja, kila mmoja na flereti, ule upanga wetu mwembamba, mkononi. Maski zilikuwa bado ndani ya gunia. Alikuwa anawaonyesha jinsi wanajeshi wa mfalme wa Ufaransa walivyokuwa wakirukia meza. Watoto walifurahi mno. Mimi nilitafuta kiti nikae, maana mwaka jana mwingine alifanya hivyohivyo, na kabla yake mwingine, utadhani mnaachiana zamu.

Basi nimeandika. Sitawafundisha parade ya nne wala riposti, yaani kukinga na kujibu pigo. Hayo mnayajua, na wengine wenu mmenipita. Mnachoshindwa ni mambo yote yanayozunguka pisti, ule ukanda wa kuchezea, na ndiyo yanayoamua kama mtoto atarudi Jumatano ijayo.

1. Ulizeni saa.

"Baada ya shule" ni saa ngapi? Aliyesoma asubuhi maisha yake yote atajibu saa nane mchana bila kufikiri. Lakini huku Lubumbashi, katika mitaa ya Katuba na Kenya, shule nyingi zina zamu mbili katika jengo moja, na tangu elimu ya msingi ya serikali itangazwe kuwa bure mwaka 2019, madarasa yamejaa mpaka watoto wanakaa sakafuni. Wa asubuhi wanatoka mchana wakiwa na njaa. Wa alasiri wanatoka jua linazama. Kwa hiyo tuna vikundi viwili, na cha pili kinakuja asubuhi, kabla ya shule yenyewe. Zamu zinabadilishwa pia katikati ya mwaka bila mtu kututaarifu. Monita mmoja aliandika "mtoro" mbele ya jina la msichana mmoja muhula mzima. Siku nilipokutana na msichana huyo kisimani nikamwuliza, akanijibu kwamba amehamishiwa zamu ya alasiri na alidhani sisi tunajua, kwani sisi si ndio watu wazima.

Msimu wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi unapokaribia, waachieni wa darasa la sita wasome.

2. Silaha haitembei uchi.

Flereti, epe na sabre, silaha zetu tatu, zinasafiri ndani ya begi lililofungwa, kutoka mlangoni mpaka mlangoni. Kuna monita alipanda basi hapa mtaani Kenya, akamtolea rafiki yake sabre aione vizuri. Dereva alitazama kioo, akasimamisha gari, akashuka. Abiria nao wakashuka, mmoja kupitia dirishani. Akabaki yeye na sabre yake ndani ya basi tupu. Sisi tunacheka mpaka leo, lakini askari waliokuja baadaye hawakucheka, na ilibidi mzee wa mtaa aende kumdhamini. Mji huu umeona watu wenye silaha wa kutosha. Hamwezi kuutaka ujue kwamba ncha ya chuma chenu ina kifungo butu.

Hata kwa wazazi ni hivyo. Mama mmoja aliniuliza mlangoni kwake, akiniita Metre, yaani mwalimu: "Metre, njo unafundisha batoto kupigana na mupanga?" Nilianza kumweleza historia ya mchezo, akaingia ndani kugeuza bukari, ugali wetu. Siku hizi nikienda lupangoni, uani kwa watu, mara ya kwanza nabeba maski peke yake. Bibi anaivaa, wajukuu wanamcheka, kisha tunaongea.

Na msidhani wazazi ni kikwazo. Peter Westbrook, yule Mmarekani aliyepata shaba ya sabre Los Angeles mwaka 1984, alikulia Newark katika umaskini, na aliyemwingiza kwenye eskrime ni mama yake. Kijana hakutaka, mama akamhonga dola 5 aende somoni. Mwaka 1991 Westbrook akaanzisha mfuko wake New York wa kuwafundisha watoto wa mitaa kama yake, na masomo ya shule yakawa sehemu ya kazi. Wengi wenu mnamjua kwa medali. Mimi namkumbuka kwa zile dola 5 kila ninapomwona mama amesimama mlangoni, mikono kiunoni, anatupima.

3. Hakuna maski, hakuna chuma.

Hata kwa somo la dakika mbili. Hata kama mtoto amesimama tu. Vladimir Smirnov alikuwa bingwa wa Olimpiki wa flereti mwaka 1980, na mwaka 1982 huko Roma chuma cha mpinzani wake kilikatika, kikapenya wavu wa maski yake, akafa. Vyuma na maski mnazozikuta leo zimekuwa imara zaidi kwa sababu ya kifo kile. Lakini hizo ni mpya. Tunazoletewa sisi zimechezewa na watu watatu kabla yetu, zimesafiri kwenye kontena, na zinakutana na mvua zetu za Novemba mpaka Machi. Wavu unaota kutu kwa ndani, pale jasho linapokaa, ambapo macho hayafiki. Pimeni kila maski kwa ile pini ya kupimia, inayobonyeza kwa nguvu ya kilo 12, mbele, juu na pembeni. Ikibonyea, itoke. Msiniambie "bado iko nzuri kwa watoto".

Chuma kilichokatika hakinolewi upya. Mtoto mdogo apewe chuma cha namba 0, kile kifupi, si namba 5 ya sentimeta 90 inayomzidi mkono na akili. Wa mkono wa kushoto wasipewe koti la wa kulia, kwa sababu zipu inaangukia upande unaochomwa.

4. Umeme ukikatika, somo linaendelea.

Nimewaona mkikaa kwenye ngazi mnasubiri umeme urudi ili taa za kuonyesha nani amegusa ziwake, na watoto ishirini wanarushiana viatu. Flereti ilianza kuchezwa kwa umeme kwenye Olimpiki mwaka 1956 tu. Kabla ya hapo watu walikuwa na macho. Wekeni rais, yaani mwamuzi mkuu, katikati na waamuzi wanne, wawili kila upande. Kila mwamuzi ana kura moja, rais ana moja na nusu. Waamuzi wawili wa upande mmoja wakikubaliana, rais ameshindwa. Watoto wanakipenda kipengele hicho kupita vyote, na sijui ni kwa nini. Kuna dada aliyempigia kura ya "ndiyo" mtu aliyemchoma kaka yake, kwa nne bila, usoni pa kaka. Waliondoka bila kusemezana. Kesho yake kaka akaja kuniomba naye awe mwamuzi. Siwezi kufundisha vile kwa taa.

5. Karatasi kwanza, ahadi baadaye.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu juzi nimesikia mmoja wenu akimwambia mtoto, "Wewe, nikikuangalia hivi, Dakar utafika." Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar, mwaka 2026, sawa, eskrime imo, na ni mara ya kwanza michezo ya namna hiyo inafanyika Afrika. Lakini huyo mtoto umemwuliza cheti cha kuzaliwa?

Mimi sikuuliza. Tulikuwa na kijana mmoja wa epe, mrefu, mtulivu, mwenye mkono usio na haraka. Wale wa kukaa angade, tayari kwa pambano, wakakuacha wewe uje ujichome mwenyewe. Ukatokea mwaliko wa mashindano ya vijana nje ya nchi, nafasi chache, tiketi zimelipwa. Siku ya maonyesho ya mwisho wa mwaka, wazazi wamejaa, padri yupo, nikashika kipaza sauti. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka tu makofi, na niliyapata. Nikasoma majina, na jina lake likawa la kwanza. Mama yake, anayeuza makala, yaani mkaa, kwa vifungu barabarani, alilia mbele za watu.

Wiki ile zamu yake ya likelemba, upatu wa akina mama, ikafika. Pesa zile zilikuwa na kazi yake, mfuko wa unga na deni la nyumba. Akanunua viatu vyeupe, soksi ndefu, na begi lenye magurudumu. Begi lenye magurudumu, kwa mtoto ambaye hakuwa na nguo za kulijaza.

Kisha nikamwambia alete karatasi. Hakukuwa na karatasi. Kijana alizaliwa kijijini, baba hakurudi kutoka machimboni, na mtu hakwenda kuandikisha. Sheria inatoa siku 90 za kutangaza mtoto bila malipo. Zikipita, inabidi kwenda mahakamani kutafuta hukumu ya kufidia, ile tunayoiita sipletifu, ndipo cheti kitoke, ndipo pasipoti ianze kuombwa, na kwa mtoto kuna idhini ya mzazi iliyothibitishwa pia. Kila dirisha lina siku zake na bei zake, ile iliyobandikwa ukutani na ile isiyobandikwa. Nilikimbia. Nilikopa. Nilimpigia simu kila mtu niliyewahi kumfundisha aliyefanya kazi ofisini. Tarehe yake ya kuzaliwa nayo ikawa fumbo, mama anakumbuka kwamba ilikuwa wakati wa mahindi mabichi, mwaka haujui vizuri, na bila mwaka hata kundi lake la umri lilikuwa la kubahatisha.

Wenzake walisafiri. Siku ya kuondoka alikuja kuwasindikiza, amevaa vile viatu vyeupe, akawabebea mabegi mpaka kwenye gari. Mimi nilijifanya natafuta orodha ya abiria.

Cheti kilitoka miezi baadaye. Nilimpelekea mwenyewe. Mama yake alinikaribisha, akanipa kiti na maji, hakupandisha sauti hata kidogo. Alisema tu: "Metre, ungeliniuliza makaratasi mbele ya kumwambia mutoto." Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Kijana hakurudi pisti. Anacheza mpira sasa, ni kipa, na nasikia ni mzuri, hana haraka. Tukikutana sokoni ananisalimia kwa adabu zote, "Shikamoo Metre", na mimi napoteza maneno kila mara.

Sasa kila mtoto akiandikishwa kwetu, ukurasa wa kwanza una swali la cheti. Asiyenacho, tunaanza safari ya mahakamani mwezi uleule, awe na kipaji au awe hajui kutofautisha mguu wa mbele na wa nyuma. Tumetoa vyeti vingi kuliko medali. Na hakuna jina linalosomwa mbele ya watu kabla pasipoti haijawa mkononi mwangu. Mkono wangu, si "inakuja kesho".

6. Uji kabla ya somo, si baada.

Anayechuchumaa kwenye fanti, ile hatua ndefu ya kushambulia, akiwa hajala tangu jana ataanguka, na utamwita mvivu.

7. Wageni wenye kamera.

Waje, tunawahitaji. Lakini maisha ya mtoto hayasimuliwi mbele ya mtoto. Mmoja wenu alimshika binti bega akawaambia wageni kwa Kifaransa kwamba huyu ni yatima kabisa. Binti anasikia Kifaransa. Anasoma kwa Kifaransa! Alitoka pale akaniuliza "kabisa" maana yake ni kwamba hata shangazi yake hahesabiwi? Mgeni akitaka kujua kitu, amwulize mtoto kuhusu parade zake.

Na akiuliza eskrime inawasaidia nini watoto maskini, msianze hotuba. Mwambieni kwamba Thiès, Senegal, inafundishwa kwa watoto walioko gerezani, ambao kabla ya pambano wanamsalimu mpinzani na baada yake wanampa mkono. Kisha mwombeni glavu. Za kushoto zinatupungukia daima.

8. Miguu.

Marshe, rompe, yaani mbele, nyuma, marshe, rompe, wiki kwa wiki, bila chuma. Watalalamika. Pigeni ngoma, wachezeni rumba, chorani mistari kwa chaki, lakini miguu. Hapa sina hadithi.

9. Ufunguo wa ukumbi.

Uko kwa mlinzi wa parokia, si kwa katekista. Mlinzi anaondoka saa kumi na mbili kamili, na Alhamisi kwaya inaingia saa kumi na moja, kwa hiyo pisti iwe imekunjwa, nyaya zimezungushwa kwenye bobini zake, na vyuma vimepanguswa kwa kitambaa chenye mafuta kabla ya sauti ya kwanza. Mafuta yako kwenye kopo la maziwa chini ya rafu. Msipikie. Imeshatokea.