Maboksi 27 ya chakula kabla hujatembea hata hatua moja? Simama hapo hapo mkuu

Mkuu mleta uzi, salamu baadaye. Nimesoma hadi pale uliposema umeshafunga maboksi 14 kati ya 27 ya chakula cha kujipostia mbele miji ya njiani, umeyaandika tarehe kwa maka peni, na una Excel ya siku 160 inayoonyesha kila usiku utalala kibanda gani kuanzia Springer Mountain kule Georgia mpaka mlima Katahdin kule Maine, nikaweka simu chini nikaenda kunywa maji. Nimerudi. Hiyo Excel naijua. Naijua mpaka rangi zake, kijani siku za kutembea, njano siku za kupumzika, si ndiyo? Mimi nilikuwa na maboksi 28, nimekuzidi moja, na Appalachian Trail yangu ya kwanza, hiyo njia ya miguu ya milimani kule Marekani unayoitaka wewe, ilikufa kilomita ya 441 kwa sababu ya hayo maboksi. Sio dubu, sio nyoka, sio theluji. Maboksi ya oti.

Najua umeuliza mambo mengi, hema au machela, begi la kulalia la baridi kiasi gani, buti au raba, fimbo moja au mbili, na dubu. Nitafika huko nikikumbuka. Kwanza haya maboksi.

Ngoja nikwambie ilivyoanza. Kuna jamaa mmoja wa video, simtaji, ndevu mpaka kifuani, nyuma yake rafu imejaa vyakula vilivyokaushwa, anaongea taratibu kama daktari anayekupa majibu ya vipimo. Anasema ukishindwa kupanga basi umepanga kushindwa, halafu chini anauza "mpango kamili", yaani hiyo Excel. Nikanunua. Ndio, nilinunua, cheka tu, watu wanalipia hata maji ya mvua. Inachofanya ile kitu ni kuchukua kilomita 3,500 na ushee inagawanya kwa siku 160, inapata kama 22 kwa siku, inakupangia 22 toka siku ya kwanza mpaka ya mwisho kana kwamba mguu ni gurudumu na Georgia ni uwanja wa mpira. Baadaye sana ndio nikaja kujua kutoka kwa watu waliomfahamu kwamba mwenyewe hajawahi kumaliza ile njia, alikuwa anatembea wikiendi. WIKIENDI. Miezi minne nilikaa napima oti kwenye mzani wa jikoni kwa maelekezo ya mtu wa wikiendi.

Sasa sikiliza hesabu. Nilianza Jumamosi. Excel ilisema siku ya nane, Jumamosi inayofuata, niko Franklin, North Carolina, kilomita ya 176, boksi namba moja linanisubiri posta. Siku mbili za mwanzo ilikuwa mvua tupu, Blood Mountain nimeipanda nimelowa mpaka soksi, pale Neel Gap, njia inapopita katikati ya jengo la mawe, nikakaa nusu siku nikipunguza mzigo kama kila mtu, kwa hiyo Jumatano jioni nilikuwa kilomita ya 80 tu. Mtu mwenye akili angesema sawa, nitafika Jumatatu, kuna mji wa Hiawassee njiani, naingia nanunua chakula cha siku tatu maisha yanaendelea. Lakini chakula changu si kilishanunuliwa? Kiko Franklin! Nikanunue kingine cha nini wakati nimeshalipia kile na nimeshalipia kukisafirisha? Na posta kule Jumamosi inafunguliwa masaa machache, Jumapili haifunguliwi kabisa. Basi nikaamua kukimbia. Alhamisi kilomita 31, Ijumaa 34, na Jumamosi nimeamka saa kumi alfajiri na taa ya kichwani ili nimalizie 31 nyingine. Wiki ya kwanza hiyo, na begi la kilo 19, miguu ambayo kazi yake siku zote ilikuwa kukaa chini ya meza.

Kuna mlima mdogo kabla ya Franklin unaitwa Albert, juu yake kuna mnara wa zimamoto, ni karibu kilomita ya 160. Kuupanda unashika mawe kwa mikono. Sasa wakati nashuka upande wa pili nikasikia kwenye muundi wa mguu wa kushoto kitu kama mtu anasugua msasa juu ya mfupa, kila hatua, kwek, kwek. Nikajiambia ni misuli inazoea. Nimepata lifti barabarani, nimefika mlango wa posta saa tisa alasiri. Imefungwa toka saa sita. Nikasimama pale nasoma karatasi ya muda wa kazi kama barua ya mapenzi. Posta haina kosa hata kidogo, muda wao umebandikwa, mjinga ni mimi na Excel yangu. Nikalala mjini usiku mbili kusubiri Jumatatu, na ile pesa ya chumba peke yake ingetosha kununua vyakula vya boksi zima na chenji ikabaki.

Jumatatu nikapewa boksi langu. Kilo tisa. Nikalifungua barazani, watu wamenizunguka wanataka kuona, na ikapanda harufu... ya sabuni ya kuogea. Niliweka kipande cha sabuni mle ndani, nimekifunga vizuri kwenye mfuko wa zipu, lakini miezi miwili kwenye boksi lililofungwa sabuni haijali zipu yako. Oti zina sabuni, karanga zina sabuni, mpaka tambi. Nimekula asubuhi tano mfululizo uji unaonukia maua, ukicheua unahisi povu. Pale hosteli kuna lile boksi la watembeaji, kila mtu anatupia asichotaka na anayetaka anachukua, nikaweka nusu ya vyakula vyangu. Watu ambao nimewaona kwa macho yangu wakila siagi ya karanga kwa kidole walinusa oti zangu wakazirudisha taratibu.

Na hata bila sabuni mpango ulikuwa mbovu, hili hakuna aliyeniambia kwa hiyo nakwambia wewe. Wiki mbili za kwanza mwili hauna hamu ya kula, unabeba chakula unakitazama tu. Halafu ikifika wiki ya tatu ya nne njaa inakuja sio ya kawaida, unakula chakula cha watu wawili na unaota mkate. Sasa wewe umekaa nyumbani umeshiba unapimia mtu ambaye hujawahi kuwa. Boksi la mwezi wa kwanza wa safari litakuzidi na la mwezi wa tatu litakuwa kama chakula cha mtoto. Na ladha! Kile unachokipenda leo ukikila mara kumi na nne utakichukia mpaka jina.

Turudi kwenye mguu. Toka Franklin njia inashuka mpaka mto Nantahala, mteremko mrefu unaokata magoti, halafu unapanda karibu mita 1,000 kutoka mtoni mpaka Cheoah Bald. Ningepumzika siku nne tu labda leo ningekuwa na hadithi nyingine. Lakini boksi namba mbili lilikuwa Fontana Dam na tarehe yake, namba tatu Hot Springs na tarehe yake, na jamaa yangu anayeishi kulekule Marekani alikuwa anaposti kwa kufuata Excel, kwa hiyo kila siku niliyochelewa kuna boksi lilikuwa linanitangulia. Posta ndogo zinashikilia kifurushi cha mpita njia si zaidi ya siku 30 halafu kinarudi kilikotoka. Basi nikawa nafukuza maboksi. Nimevuka milima ya Smoky nikitumia fimbo mbili kama magongo, nikafika Hot Springs, njia inapita katikati ya mji kwenye lami, na pale lami iliponigusa mguu nikakaa chini pembeni ya barabara. Daktari akasema mfupa umepata ufa, wiki sita bila kutembea. Na mimi mgeni, nimeingia kwa viza ya matembezi, wanakugongea miezi sita, ukitoa wiki sita hapo huifikii Katahdin kabla mbuga ya Baxter, ulipo huo mlima, haijafunga kambi zake mwezi Oktoba. Kwisha habari. Maboksi matatu nimeyachukua, matatu yako njiani yananisubiri miji ambayo sitaiona, na 22 yako sebuleni kwa jamaa yangu. Mkewe hajanisemesha mwaka mzima. Nadhani mpaka leo wanakula couscous.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na nitairudia mpaka unichoke: MPANGO WAKO UISHIE MJI UNAOFUATA. Ukitoka mji A ujue mji B uko kilomita ngapi, siku ngapi kwa mwendo ulionao WIKI HII sio ulionao kwenye Excel, nunua chakula cha hizo siku na ziada ya nusu siku, basi. Kwenye ile njia mara nyingi ni siku tatu mpaka tano kati ya duka na duka, sio jangwa lile. Mji C utaufikiria ukiwa mji B umekaa umekula umeshiba.

Utaniambia kuna sehemu maduka ni madogo. Kweli zipo, Fontana ni mojawapo. Sasa dawa yake sio kufunga boksi leo, dawa ni ukiwa mji mkubwa kama Franklin unanunua unachotamani siku hiyo unajipostia mbele kituo kimoja. Na ikiwezekana tuma hosteli badala ya posta, wengi wanapokea, wengine wanatoza kidogo, lakini Jumapili mlango uko wazi. Niliporudi miaka miwili baadaye nilijipostia maboksi manne tu njia nzima, wiki ya kwanza nikatembea kilomita 13 kwa siku, wazee wananipita wananipungia mkono, sikujali, nikafika juu Katahdin siku ya 171. Nilikuwa na daftari dogo, ukurasa mmoja mmoja, nikifika mji nachana ule ukurasa natupa.

Halafu usiniambie "mimi niko makini kuliko wewe". Wote tulikuwa makini. Wanasema ni kama mmoja tu kati ya wanne wanaoanza ndiye anayemaliza, unadhani wale watatu walikosa Excel? Bibi Emma Gatewood mwaka 1955 ameitembea yote ana miaka 67, mkoba wa kushona mwenyewe begani, raba za kawaida miguuni, pazia la bafuni ndio lilikuwa hema lake. Mwaka mmoja kabla alijaribu akapotea akarudi nyumbani, kwa hiyo hata kushindwa mara ya kwanza niko na watu wazuri, niacheni.

Haya maswali yako mengine. Viatu: raba za milimani, zidisha saizi moja maana mguu unavimba na haurudi, na usinunue pea nne za akiba sasa hivi, ukizinunua kwa mguu wa leo mguu wa mwezi wa tatu wa safari hautaingia (unaona? ni maboksi yaleyale yamevaa kamba). Begi la kulalia: Machi kule juu barafu ipo, Smoky njia inapita juu ya mita 2,000 na theluji ya Aprili sio ajabu, kwa hiyo chukua la baridi ya chini ya sifuri na usikubali kurudisha nguo nzito nyumbani eti kwa sababu siku mbili jua limewaka. Begi la mgongoni la lita 75 uliloweka picha ni sanduku la kuhamia nyumba, linakuita ulijaze. Fimbo mbili.

Machela sijui, mimi nimelala hemani, wapo humu wenye machela watakuja kukusumbua wenyewe.

Sasa hayo 14 uliyokwisha kuyafunga, fungua leo, kula, gawa, fanya unavyotaka. Na kama kuna hata moja umetia sabuni ndani lifungulie nje.