Busta kwenye paa la jirani: jawabu la aliyezipanda miaka tisa

Asalaam aleikum. Dada wa Kisauni umeuliza: mwenye ghorofa mkabala na yako amekubali kuwekewa busta, yaani mnara wa netiwaki ya simu, juu ya paa, wewe una mimba ya miezi minne, majirani wanakusanya sahihi za kuipinga, je, uhame? Hapo chini mmoja amekujibu kwamba busta hukausha uboho, na mwengine akuuzia stika ya kubandika nyuma ya simu, eti yazuia mawimbi, kwa shilingi mia tano. Mimi nimepanda minara miaka tisa, toka Mariakani hadi Likoni, nikifanyia mwanakandarasi ambaye simtaji. Sasa nina kibanda cha kutengeneza simu Mwembe Tayari. Jawabu langu ni refu, mnivumilie.

Usihame. Mawimbi mengi yanayoingia mwilini mwako yatoka kwenye hiyo simu uliyoandikia swali, na busta ikiwa karibu, simu yako hupunguza mawimbi yake. Najua yasikika kinyume. Ngoja nieleze.

Tukipanda tulivaa kifuani kikasha kidogo kinacholia mawimbi yakipita kiasi. Miaka yote hiyo changu kililia kwa kunitisha mara moja tu. Niliambiwa kwa simu kwamba upande ule umezimwa, nikapita mbele ya antena, ile bapa refu nyeupe, kiasi cha urefu wa mkono. Kikasha kikapiga kelele kama mtoto aliyefinywa. Nikateremka mbio. Kumbe walizima masafa mamoja ya mawimbi wakasahau mengine. Msimamizi alicheka, mimi sikucheka, na sikurudi juu mpaka fyuzi yenyewe niliposhika mkononi. Lakini angalieni: nilipokuwa nyuma ya bapa lile lile, kikasha kimya. Nilipokuwa chini yake, kimya. Antena ni kama karabai ya wavuvi: yamulika mbele, chini ya kitako ni kiza. Boriti lake latoka likielekea upeo wa macho, limeinama kidogo tu, na huja kugusa ardhi mbali, makumi au mamia ya mita, likiwa limeshatawanyika. Ukizidisha umbali mara mbili, nguvu hubaki robo. Kwa hivyo wanaolala moja kwa moja chini ya busta mara nyingi hupata kidogo kuliko wa mtaa wa pili.

Mwaka mmoja tulipelekwa kwenye madrasa moja upande wa Kongowea, wazazi wamekasirika, na kipima mawimbi mkononi. Tukapima barazani, darasani, uwanjani. Haikufika volti moja kwa mita. Mpaka unaowekwa kwa raia, kwa masafa ya megahezi 900, ni volti 41 kwa mita. Mzee mmoja hakuridhika, akaniambia, "Mwanangu, hebu weka kidude hicho kwenye simu yako, kisha umpigie mtu." Nikafanya. Namba zikaruka juu kuliko pahala popote tulipopima siku ile. Mzee akaguna, akaichukua simu yake mfukoni mwa kanzu, akaiweka juu ya meza.

Sasa hiyo mipaka yatoka wapi? Yategemea joto. Mawimbi ya redio hayana nguvu ya kuvunja vinasaba kama eksirei. Linalojulikana kwa yakini ni kwamba yakizidi hupasha mwili moto, vile maikrowevu inavyopasha biriani ya jana. Watafiti waliona kwamba mwili mzima ukifyonza wati 4 kwa kila kilo, joto la ndani laweza kupanda kiasi cha nyuzi moja, na wanyama wa maabara huanza kubadilika tabia. Wakagawa kwa 10, ikawa 0.4 kwa sisi mafundi. Wakagawa kwa 50, ikawa 0.08 kwa raia, watoto na wagonjwa wakiwemo. Na wewe dada: tume ya kimataifa inayotunga mipaka hii, ICNIRP, ilipoipitia upya mwaka 2020 ilisema hata fundi mwanamke akiwa na mimba ahesabiwe kama raia, asipewe kiwango cha fundi.

Kwa simu, kwa sababu imegusana na sikio, wanapima kichwani peke yake: wati 2 kwa kilo, wastani wa gramu 10 za nyama. Marekani toka 1996 wana 1.6, lakini wao huchukua wastani wa gramu 1, kwa hivyo usizilinganishe namba mbili hizo ukasema hawa wakali na hawa walegevu. Kipimo chafanywa kwa kichwa cha plastiki kilichojazwa maji mazito yanayofanana na ubongo, simu ikitoa nguvu yake yote. Kichwa chenyewe kiliigwa kwa vipimo vya wanajeshi wa Marekani, vichwa vikubwa, na hilo ni jambo ambalo wakosoaji wamelipigia kelele kwa haki: mtoto wa darasa la nne hana kichwa cha sajenti. Ukitaka kuona namba ya simu yako, piga *#07#. Simu nyingi zitakuonyesha.

Hiyo namba ni ya simu ikipaza sauti mpaka mwisho. Siku za kawaida haipazi. Fikiria watu wawili wanazungumza: wakiwa kwenye kibaraza kimoja watanong'ona, mmoja akiwa upande wa Likoni na mwengine kisiwani, itabidi wapige ukelele. Simu ni hivyo hivyo. Kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, ya 2G hufika wati 2 kwa mapigo, wastani kama robo wati. Ya 4G mwisho wake ni 0.2. Lakini netiwaki ikiwa nzuri hushuka mara mamia, hata maelfu. Ingia kwenye mipangilio ya simu uangalie nguvu za mtandao: ikiandika -70 uko vizuri, ikiandika -110 uko taabani, na tofauti hiyo ni mara 10,000. Wateja wangu wa Mji wa Kale hulalamika kila mara kwamba betri yaisha kabla ya alasiri. Nawauliza wanalala chumba gani. Zile kuta za mawe ya matumbawe, unene wa dhiraa nzima, simu ndani yake hushinda ikitafuta mnara kama mtu aliyefungiwa stoo. Betri si mbovu, bibi. Toka uende dirishani.

Ndiyo maana nasema wanaofukuza busta mtaani, kisha wakaongea saa nzima wakiwa na kijistari kimoja cha netiwaki, wamefukuza paka wakakaribisha panya.

Saratani je? Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliyaweka mawimbi haya kundi la 2B, "huenda", na gazeti kila pembe likapiga kengele. Kundi hilo maana yake ushahidi ni mchache na haukatai wala haukubali. Humo humo yamo maji yanayokamuliwa kwa jani zima la mshubiri, ule ule tunaoupanda kwenye makopo uani. Mwaka 2024 ukatoka uchambuzi ulioagizwa na WHO, tafiti 63 kwa pamoja, na haukuona uhusiano wa simu na saratani ya ubongo, hata kwa waliotumia miaka kumi na zaidi. Mimi nalikubali hilo. Haimaanishi mtu alale na simu chini ya mto. Mto huo waweza hata kuzuia joto la betri likakuletea balaa jengine.

Wala siwacheki wanaokusanya sahihi. Watu wa Mombasa wana sababu ya kutoamini wakiambiwa "hakuna shida". Kule Owino Uhuru, Mikindani, madini ya risasi ya kiwanda cha kuyeyushia betri chakavu yaliingia damuni mwa watoto, na ni mwaka 2020 ndipo mahakama ya mazingira hapa ilipowaamulia wakaazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Aliyeungua kwa uji hupuliza mtindi. Ila mtindi ni mtindi.

Na viwango si karatasi tu. Septemba 2023 Ufaransa ilisimamisha uuzaji wa iPhone 12 baada ya kupima ikiwa imeshikwa mkononi na kupata wati 5.74 kwa kilo, pale mpaka wa mkono ni 4. Apple ikatoa programu ya kupunguza nguvu, mauzo yakaendelea. Kwetu, simu huidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Zile bandia zilizozimwa mwaka 2012 hakuna aliyejua zilipimwa na nani.

Stika ya mia tano usinunue. Ikiwa haizuii kitu, umeibiwa. Ikiwa yazuia, simu itapaza sauti zaidi ipite, umeibiwa mara mbili. Nshaona kibandani hali hiyo kwa makava yenye kibati cha sumaku cha kushikia garini: kibati kikiziba antena, netiwaki yaanguka na simu yachemka. Tumia spika au iafoni za waya, usiongee kwenye lifti. Kama mzazi wako ana kifaa cha kusukuma moyo, asiweke simu mfuko wa shati. Sentimita 15 zatosha.

Sasa kuhusu hiyo karatasi ya sahihi: msiandike "mionzi". Ulizeni leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, kwani lazima iwepo na majirani wana haki ya kutoa maoni. Ulizeni paa lile limehesabiwa kubeba uzito huo na nani. Ulizeni jenereta itakaa wapi na moshi utaingia dirisha la nani, maana hapo ndipo nilipoona watu wakiumia kweli. Ulizeni antena zaelekea wapi, na zitainuliwa juu ya kimo cha mtu au zitafungwa ukutani usawa wa kifua. Halafu mlango wa paa uwe na kufuli. Kwenu Kisauni, kama kwetu, paa ndipo watoto huchezea kishada na kina mama huanika nguo. Kamba hizo zihamishwe kabla mafundi hawajaja, si baada.