Gitaa lililoundwa upya si feki

Kaka, umeuliza kama Stratocaster (gitaa la umeme la kampuni ya Fender ya Marekani) ya mtindo wa 1962 iliyotengenezwa juzi ni feki. Hapana, si feki. Feki huficha asili yake. Hii inatoka kiwanda cha Fender kwa jina lake na namba yake.

CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, waliponunua Fender mwaka 1965, wapigaji wengi waliona ubora ukishuka, hasa miaka ya 70, wakaanza kusaka magitaa ya zamani. Mwaka 1982 kampuni ikaanza kurudisha mitindo hiyo: Telecaster (gitaa lao jingine la umeme) ya 1952, Stratocaster za 1957 na 1962. Leo hata hayo ya 1982 yanasakwa kwa bei kubwa.

Nisichokipenda ni gitaa jipya kuchubuliwa rangi makusudi kiwandani. Michubuko iachiwe mkono wa mpigaji!

Ila hilo la mtindo wa 1962, lijaribu kwanza kabla ya kununua. Ubao wa vidole wa mtindo huo umebinuka sana (nusu kipenyo cha mbinuko ni inchi 7.25): kodi (chords, nyuzi kadhaa zikipigwa pamoja) zinakaa vizuri, lakini ukivuta uzi mwembamba kwa nguvu kule kwenye noti za juu, sauti inaweza kukatika. Kama unapiga rhumba au benga hutasumbuka. Kama ni bluzi ya kuvuta nyuzi, mwambie fundi apandishe nyuzi kidogo.