Msimamizi Mmoja Hatoshi

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa msomaji anayesoma shahada ya uzamivu katika chuo kimoja cha umma hapa Tanzania. Ameandika kwa heshima, lakini uchungu umejaa katika kila mstari: sura yake ya tatu iko mezani kwa msimamizi tangu kabla ya mfungo wa Ramadhani, simu zake hazipokelewi, na wenzake walioanza naye wameshaanza kuitwa madaktari. Ananiuliza kama aache masomo na kurudi kufundisha sekondari. Nimemjibu faraghani kwamba asiache. Sababu zangu naziandika hapa kwa kirefu kwa kuwa najua mko wengi mnaoitaka shahada hii kwa moyo wote, na ambao mmefundishwa, kama nilivyofundishwa mimi, kwamba mwanafunzi wa uzamivu hana wa kumtegemea ila msimamizi wake.

Nilikuwa mhadhiri msaidizi nilipoanza utafiti wangu kuhusu sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, katika mahindi yanayohifadhiwa majumbani. Mada hiyo niliichagua baada ya maafa ya mwaka 2016, watu walipougua na kufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka zenye sumu hiyo. Nilikusanya sampuli katika wilaya za Chemba na Kondoa, nikajaza madaftari, nikarudi chuoni nikiwa na hakika kwamba kazi ngumu imekwisha.

Rasimu yangu ya kwanza ilikaa kwa msimamizi muhula mzima. Iliporudi, ukurasa wa kwanza ulikuwa na alama chache za mkato zilizosahihishwa kwa wino mwekundu, ukurasa wa pili ulikuwa na neno moja tu, "Hapana", na kurasa zote zilizofuata hazikuwa na hata nukta ya kalamu. Pini niliyozibania ilikuwa bado haijalegea. Nilipomwomba anieleze, alinijibu palepale kwenye korido, mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza niliokuwa nikiwafundisha, kwamba watu waliosoma shule kama niliyosoma mimi wajifunze kwanza kuandika ndipo waote udaktari. Nimeshatetea tasnifu, nimechapisha, na sasa nasimamia wanafunzi wangu mwenyewe, lakini maneno yale hayajanitoka.

Aliyenisaidia kwanza alikuwa mkutubi. Nilikwenda maktaba kulalamika kwamba makala ninazozihitaji zinauzwa kwa dola ambazo sina. Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho, akaigeuza skrini yake upande wangu, akaandika jina la kuingilia la chuo na nywila, na makala ileile niliyoshindwa kuinunua ikafunguka yote, pamoja na majedwali yake. Chuo chetu kilikuwa kimejisajili na Research4Life, mpango uliotokana na Hinari (mradi wa majarida ya afya ulioanzishwa mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani), ambao huziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida ya kulipia bila malipo au kwa ada ndogo. Nywila hiyo hupewa taasisi na kwa kawaida hutunzwa na maktaba, kwa hiyo mwanafunzi asiyekanyaga maktaba anaweza kuhitimu bila kujua kwamba ipo. Nilimuuliza ni wanafunzi wangapi wa uzamivu waliokwisha kuiomba, akaanza kuwataja kwa majina, na orodha ikaisha upesi. Ni yeye pia aliyenifundisha kutumia Zotero, programu ya bure ya kutunza marejeleo, na kunipunguzia usiku mwingi wa kupanga bibliografia kwa mkono.

Msaada wa pili ulinifikia kwa njia ya AuthorAID, mpango ulioanzishwa na shirika la INASP la Uingereza mwaka 2007. Huwaunganisha watafiti chipukizi na watafiti wazoefu wanaojitolea kuwashauri, na hutoa kozi za mtandaoni za uandishi wa makala na wa maombi ya ufadhili. Hakuna ada. Niliandika ombi fupi nikieleza mada, hatua niliyofikia, na jambo moja ninalotaka kusaidiwa. Hili la mwisho nalisisitiza, kwa sababu mtu anayejitolea ana kazi zake na hatakuandikia tasnifu. Aliyekubali alikuwa mtaalamu wa usalama wa chakula ambaye mpaka leo hatujaonana ana kwa ana. Alisoma utangulizi wangu, akazifuta aya zote zilizoeleza umuhimu wa mahindi barani Afrika, akaandika pembeni: "Anza na ghala la Chemba. Mengine tunayajua." Sikulala usiku ule, nikaandika upya. Makala iliyotokana na sura hiyo ilikubaliwa na jarida, na ilipotoka, msimamizi wangu aliiwasilisha mwenyewe kwenye kikao cha idara. Sijui alijisikiaje. Mimi nilikaa kiti cha nyuma na kichwa changu kilikuwa juu.

Ndugu zangu, tafuteni. Mnaosoma kilimo, iulizeni idara yenu kuhusu RUFORUM, mtandao wa vyuo wenye makao yake Makerere, Kampala. Mnaosoma afya ya jamii, ulizeni kuhusu CARTA, mpango wa mafunzo ya utafiti ulioanzishwa mwaka 2008 na kuongozwa na APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya cha Nairobi, pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi, Moi na Makerere vimo katika mpango huo, na wahadhiri wanaochaguliwa hupitishwa katika semina za pamoja hatua kwa hatua mpaka wamalize tasnifu. Wachumi wana AERC, taasisi ya utafiti wa uchumi iliyoko Nairobi tangu mwaka 1988, na wa sayansi za jamii wana CODESRIA, baraza la utafiti lililoko Dakar, Senegali. Dada zangu wa sayansi, OWSD, shirika la wanawake wanasayansi lenye makao Trieste, Italia, limekuwa likitoa ufadhili wa uzamivu kwa wanawake wa nchi zinazoendelea. Matangazo ya nafasi hizi hayatakufuata nyumbani. Ni wewe utakayeyafuata.

Tafuteni pia wenzenu wa kuandika nao. Kikundi chetu kilikutana kila Jumamosi asubuhi katika darasa tupu, kila mmoja akaleta kurasa chache, na hakuna aliyeruhusiwa kusema "nzuri" bila kutaja sentensi. Asiyeleta kurasa hakusoma za wenzake.

Na wewe uliyeniandikia, acha kupiga simu. Andika barua pepe ya heshima, taja tarehe uliyowasilisha sura, weka maswali mawili au matatu yanayoweza kujibiwa kwa ufupi, pendekeza siku ya kukutana, na umpelekee nakala mratibu wa shahada za juu wa idara. Ukijaza ripoti ya maendeleo, andika ukweli kuhusu mrejesho uliopata, kwa tarehe na bila matusi. Kisha chukua kanuni za masomo ya uzamili na uzamivu za chuo chako, utafute kipengele kinachohusu kuongezewa au kubadilishiwa msimamizi, na ukisome wiki hii, kabla barua yako haijajibiwa.