Pua Isikudanganye: Kwa Anayeanza Kufanya Kazi na Formalini

Siku ya kwanza utakapoingia katika chumba cha kupokelea na kukatia vinyama, yaani vipande vya mwili vilivyotolewa kwa wagonjwa ili vichunguzwe, kwenye maabara ya patholojia, formalini, ile dawa ya majimaji inayovihifadhi visioze, itakupokea kabla ya mtu yeyote kukusalimu. Macho yatawasha, koo litakereketa, na huenda ukalazimika kutoka nje kidogo kuvuta pumzi. Baada ya wiki mbili hivi utashangaa kwamba harufu ile huisikii tena, na wenzako watakuambia kwa furaha kwamba umeshazoea. Nimefanya kazi hii kwa miaka 19, na kila ninapomsikia kijana akiambiwa hivyo roho huniuma, kwa sababu kilichozoea ni pua peke yake. Mapafu, macho na ngozi havijazoea chochote, na hewa ya chumba ni ileile iliyokutoa machozi siku ya kwanza.

Anza kwa kuijua vizuri. Formaldehaidi yenyewe ni gesi, na huchemka kwenye nyuzijoto 19 chini ya sifuri, kwa hiyo katika joto letu haikai ndani ya chombo kilicho wazi kwa hiari yake. Formalini inayotufikia katika madumu ni gesi hiyo iliyoyeyushwa kwenye maji kwa kiasi cha asilimia 37 hadi 40, ikiongezewa methanoli ili isigeuke kuwa mashapo meupe. Wageni wengi huchanganyikiwa hapa. Ile tunayoiita formalini ya asilimia 10 ni sehemu 1 ya formalini kali ikichanganywa na sehemu 9 za maji yaliyotiwa chumvi za kutuliza uchachu, na ndani yake mna formaldehaidi ya asilimia 4 hivi. Ukisoma 10 kwenye chupa moja na 40 kwenye dumu, usihesabu kwamba moja ni mara nne ya nyingine. Dumu lile lina nguvu mara kumi.

Mwaka 1893 daktari Mjerumani aitwaye Ferdinand Blum alikuwa akiijaribu formaldehaidi kama dawa ya kuua vijidudu, akagundua kwamba ngozi ya vidole vyake imekuwa ngumu. Ndivyo ilivyojulikana kwamba inaweza kuhifadhi tishu: hushika protini na kuziunganisha moja kwa nyingine mpaka nyama ikakamaa na haiozi tena. Kisa hicho ninapenda kukisimulia kwa kila anayeanza, kwa sababu kinaeleza hatari yote kwa mkato. Formalini haitofautishi kati ya kinyama kilichomo kwenye chupa na kidole kilichoishika chupa, wala kati ya kinyama na utando laini wa jicho.

Sasa fanya hesabu ndogo pamoja nami. Nchini Marekani sheria inaruhusu mfanyakazi awe kwenye hewa yenye formaldehaidi isiyozidi sehemu 0.75 kwa kila sehemu milioni moja, kwa wastani wa saa 8, na isiyozidi sehemu 2 kwa dakika 15. Kiwango cha 0.75 ni karibu miligramu 0.9 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Chukua chumba chenye urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3, yaani mita za ujazo 60. Ili chumba hicho kifike kwenye kikomo, zinahitajika miligramu 55 hivi za gesi. Mililita moja ya formalini kali ina takriban miligramu 400. Maana yake ni kwamba matone 3 tu yakiachwa mezani yakauke, na madirisha yamefungwa, yanatosha. Tangu nilipoifanya hesabu hii kwa mkono wangu sijawahi tena kuacha tone juu ya meza, wala kifuniko kikae pembeni huku nikitafuta kalamu.

Kwa sababu hiyo, kumimina na kuchanganya formalini kali kufanyike ndani ya kabati la kuvuta mvuke, na kabla ya kuanza shika kipande cha karatasi laini kwenye mdomo wa kabati uone kama kinavutwa kuelekea ndani. Feni inayounguruma si ushahidi kwamba hewa inatoka. Barakoa ya upasuaji haizuii mvuke huu hata kidogo, na zile nene za kuzuia vumbi na vijidudu hazizuii pia. Zinahitajika zenye vichujio vilivyotengenezwa kwa ajili ya formaldehaidi, ambavyo navyo huisha nguvu na kubadilishwa. Kama maabara yako haina kabati linalofanya kazi, dai lirekebishwe au linunuliwe, na wakati unasubiri fanyia kazi hiyo karibu na dirisha lililo wazi, upepo ukitokea nyuma yako kwenda nje, kwa kiasi kidogo kidogo.

Kuhusu macho nitasimulia yaliyonipata mwenyewe. Katika mwaka wangu wa pili, kwenye hospitali ambayo sitaitaja, nilifungua ndoo yenye mfuko wa uzazi uliotolewa kwenye upasuaji. Kifuniko kilikuwa kimekaza, nikainamia ndoo ili nipate nguvu, nacho kikaachia ghafla. Tone moja liliingia jicho la kushoto. Nilikimbilia bomba, nikalifungua, likatoa hewa na mlio wa kukoroma. Maji yalikuwa yamekatika tangu alfajiri na hakuna aliyeona haja ya kutangaza. Mhudumu wa usafi, ambaye namshukuru mpaka leo, alikuja na ndoo yake ya maji safi, akanimwagia kwa jagi huku nikiwa nimelishikilia jicho wazi kwa vidole. Jicho linatakiwa kuoshwa kwa maji yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha uende kwa daktari wa macho hata kama maumivu yametulia. Nilipona, lakini ilichukua wiki kadhaa. Tangu siku hiyo, jambo la kwanza ninalofanya asubuhi ni kufungua bomba, na yakiwa hayatoki, hakuna dumu linalofunguliwa mpaka ndoo mbili za maji safi na jagi viwe mlangoni. Miwani ya kinga iwe ile inayoziba pembeni, na kifuniko kifunguliwe uso ukiwa umegeuziwa upande mwingine.

Glavu nyembamba za mpira tunazozitumia kutolea damu hupitisha formalini mapema kuliko unavyodhani. Tumia za nitraili, mpira wa kiwandani unaostahimili kemikali zaidi, na zikilowa zivue mara moja, unawe, uvae nyingine. Glavu iliyolowa ndani ni mbaya kuliko mkono mtupu, kwani hukandamiza kemikali kwenye ngozi kwa muda mrefu.

Katika kuchanganya kemikali kuna makosa ambayo hayana nafasi ya pili. Formalini ikikutana na asidi ya hidrokloriki inaweza kuzalisha kiasi cha etha yenye klorini ambayo ni miongoni mwa visababishi vikali vya saratani. Jambo hili linatuhusu moja kwa moja, kwa sababu vipande vya mifupa hutolewa kwenye formalini na kupelekwa kwenye asidi ili vilainike. Visuuze kwanza kwa maji mengi. Vilevile usiisogeze karibu na pamanganeti ya potasiamu, kwani mchanganyiko huo huchemka kwa nguvu na kutoa mvuke mwingi kwa mara moja.

Hatari inayonikosesha usingizi zaidi haimo hata ndani ya maabara. Sampuli nyingi hutufikia zikiwa zimebebwa na ndugu wa mgonjwa, kwa basi, kutoka hospitali ya mbali, katika chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa na ambayo bado ina karatasi yake ya rangi. Formalini haina rangi. Mtoto mwenye kiu akiiona kwenye mkoba wa bibi yake hatajua. Ikimezwa huunguza koo na tumbo, na mwilini hugeuka asidi inayovuruga damu, huku methanoli ikiongeza madhara. Aliyeimeza asitapishwe, awahishwe hospitali pamoja na chupa yenyewe. Kwa hiyo tenga makopo yenye mdomo mpana, yenye kifuniko cha kuzungusha, uwape wanaotuma sampuli, na kila kopo liandikwe kwa Kiswahili SUMU, USINYWE, pamoja na jina la mgonjwa kwenye ubavu wa kopo, maana vifuniko hubadilishana.

Formalini iliyotumika isimwagwe kwenye sinki. Huua bakteria wanaosaga uchafu ndani ya shimo la maji taka, na hupanda kama mvuke kwenye mabomba ya vyumba vya jirani. Ikusanye kwenye dumu lenye lebo. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo inayosimamia kemikali za aina hii, na uongozi wako unaweza kuulizia huko namna ya kuiteketeza.

Mwaka 2004 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliiweka formaldehaidi katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, kwanza kutokana na saratani ya sehemu pua inapokutana na koo, na baadaye saratani ya damu. Madhara hayo huja polepole. Kuna jingine linaloweza kuja haraka: mwili ukishaikataa formalini, hata kiasi kidogo huleta vipele, ngozi kupasuka au kubanwa kifua, na hali hiyo hairudi nyuma kirahisi. Ukiona dalili hizo, toa taarifa siku hiyohiyo. Dada mmoja tuliyeanza naye kazi alivumilia mikono iliyopasuka kwa miezi 8, akiipaka mafuta na kusema itazoea. Sasa yuko kitengo cha kupima damu, na akileta karatasi kwetu husimama mlangoni, akazipitisha kwa mkono ulionyooka, bila kuvuka kizingiti.